AFYA YA MTOTO: Kumrudishia Mtoto Chakula cha Ngano

 

Mwezi huu safu yetu inazungumza juu ya ngano. Tunazungumza juu ya mtoto mdogo ambaye amekatazwa kula ngano. Wazazi wake sasa wanataka kumrudishia. Je, wamrudishie? Lini? Kwa njia gani?

Soma polepole. Kama una mwenzako ambaye bado anajifunza kusoma, msomee. Halafu jadilianeni.

NGANO IMEINGIA NYUMBANI

Chakula chetu kikubwa ni ugali wa mahindi. Tunakula pia viazi, maharage, njegere na mboga. Watoto wanapata uji wa mahindi au uji wa ulezi.

Lakini ngano nayo imeingia nyumbani. Wako wakulima wanaoilima katika nyanda za juu za Njombe na Makete. Ukifika stendi ya Makambako utaona maandazi na chapati. Dukani kuna mkate, biskuti na tambi. Siku ya harusi au ya kipaimara tunapika chapati. Hata unga wa uji wa lishe, mara nyingine huchanganywa na ngano.

Kwa hiyo mtoto wa leo anakutana na ngano mapema. Watoto wengi sana hawadhuriki. Ngano ni chakula kizuri. Inatia nguvu. Lakini wako watoto wachache ambao ngano inawadhuru.

KITU GANI KATIKA NGANO?

Chukua unga wa ngano. Tia maji, ukande. Sasa livute donge lako. Linavutika kama mpira. Fanya hivyo hivyo kwa unga wa mahindi. Donge la mahindi halivutiki. Linakatika.

Kitu kinachofanya ngano ivutike kinaitwa gluteni. Gluteni imo katika ngano. Imo pia katika shayiri ya kutengenezea bia, na katika nafaka ya nchi za baridi iitwayo rai. Haimo katika mahindi. Haimo katika mchele, ulezi, mtama wala uwele. Haimo katika viazi, mihogo, ndizi wala maharage.

Ndani ya tumbo tuna utumbo mwembamba. Ukuta wake una vijinyoya vidogo sana, kama manyoya ya blanketi jipya. Vijinyoya hivyo ndivyo vinavyonyonya chakula na kukipeleka katika damu.

Uko ugonjwa unaoitwa seliaki. Mtoto mwenye ugonjwa huu akila gluteni, kinga ya mwili wake hukosea. Badala ya kupigana na wadudu wa magonjwa, inapigana na utumbo wake mwenyewe. Vijinyoya vinaisha. Utumbo unakuwa kama blanketi lililochakaa. Mtoto anakula, lakini chakula hakiingii mwilini. Kinapita tu.

Dalili zake ni hizi:

1. Mtoto anaharisha kwa muda mrefu. Choo ni kingi, kinanuka sana, kina mafuta.
2. Tumbo linajaa na kuvimba. Mikono na miguu inakonda.
3. Haongezeki uzito wala urefu.
4. Anapungukiwa damu. Viganja na midomo inapauka.
5. Anakuwa mnyonge, analia ovyo, hataki kucheza.

Wako pia watoto wasioharisha. Wengine hufunga choo. Wengine huonekana wafupi tu kuliko wenzao.

Dalili hizi mara nyingi huanza miezi kadhaa baada ya mtoto kuanza kula ngano. Ugonjwa huu hauambukizi. Haupatikani kwa uchafu wala kwa kurogwa. Huendana na ukoo. Kama mtoto mmoja anao, ndugu zake nao wapimwe.

Katika nchi nyingi za dunia, karibu mtu 1 katika kila watu 100 ana ugonjwa huu. Hapa Afrika, katika watu wa Sahara Magharibi waitwao Wasaharawi, wataalamu waliona watoto zaidi ya 5 katika kila 100. Kwetu hauonekani mara nyingi. Lakini kutoonekana mara nyingi si sawa na kutokuwapo.

KUMBUKA HALI YA MKOA WETU

Ndugu mzazi, usikimbilie kusema, "Mwanangu hakui, basi ni ngano." Subiri.

Uchunguzi wa afya wa nchi nzima wa mwaka 2022 ulionyesha jambo la kusikitisha. Katika mkoa wa Njombe, karibu nusu ya watoto wa chini ya miaka 5 wamedumaa. Yaani ni wafupi kuliko umri wao. Kwa nchi nzima ni karibu watoto 30 katika kila 100. Mkoa wetu unalima sana, lakini watoto wetu hawakui vizuri.

Watoto hao wote hawana seliaki. Wengi wamedumaa kwa sababu nyingine. Wanakula mara chache kwa siku. Wanakula uji mwepesi usio na maharage, karanga, maziwa wala yai. Wanaharisha kwa ajili ya maji machafu. Wana minyoo. Mama yuko shambani kutwa nzima, na mtoto analishwa na mtoto mwenzake.

Ukimwondolea ngano mtoto wa namna hiyo, hujamtibu. Umempunguzia chakula. Nyumba yenye vyakula vichache haiwezi kupoteza hata kimoja bila sababu.

WATOTO WALIOKATAZWA NGANO SI WA AINA MOJA

Tukitaka kumrudishia mtoto ngano, kwanza tujue alikatazwa kwa sababu gani. Wako watoto wa aina tatu.

Aina ya kwanza ni mtoto aliyepimwa. Alipimwa damu katika hospitali kubwa. Labda pia waganga walitazama utumbo wake kwa mpira maalumu na kuchukua kipande kidogo sana. Wakasema ana seliaki. Mtoto huyu asirudishiwe ngano. Si leo, si mwakani, si akiwa mkubwa. Ugonjwa huu hauna dawa ya kuumaliza. Dawa yake ni kuacha gluteni maisha yake yote. Akiacha, utumbo unapona na anakua vizuri kama wenzake.

Aina ya pili ni mtoto ambaye mwili wake hukataa ngano mara moja. Akila, baada ya dakika chache au saa moja mbili, anatoka mabaka yanayowasha. Midomo au macho yanavimba. Anatapika. Wengine hushindwa kupumua. Huu si seliaki. Ni ugonjwa mwingine unaoitwa mzio. Wengi wa watoto hawa hupona wanapokua. Lakini usimjaribu nyumbani. Jaribio lake hufanyika hospitalini, mbele ya mganga mwenye dawa tayari. Kipande kidogo cha chapati kinaweza kumuua mtoto mwenye mzio mkali.

Aina ya tatu ni mtoto ambaye hakupimwa kabisa. Alikuwa akiharisha. Mtu akasema, "Mwachisheni ngano." Huenda alikuwa jirani. Huenda alikuwa muuza dawa. Wazazi wakamwachisha. Mtoto akapata nafuu, au hakupata. Sasa miezi imepita na hakuna ajuaye kama ana ugonjwa au hana.

Mtoto huyu wa tatu ndiye anayetusumbua. Makala hii inamhusu yeye zaidi.

KWA NINI KUPIMA NI VIGUMU MTOTO AKIWA AMEACHA NGANO

Kipimo cha damu cha seliaki hakitafuti ngano. Kinatafuta hasira ya mwili dhidi ya ngano. Mtoto akiacha kula ngano kwa muda mrefu, hasira ile inapoa. Utumbo nao unapona. Sasa ukimpima, kipimo kitasema, "Hana ugonjwa." Kumbe anao.

Ni sawa na kutafuta alama za nyayo za fisi baada ya mvua kubwa. Fisi alipita, lakini alama zimefutika.

Kwa hiyo shika neno hili: PIMA KWANZA, NDIPO UKATAZE. Kama mtoto bado anakula ngano na una wasiwasi, usimwachishe. Mpeleke kwa mganga akiwa bado anaila.

Na kama ameshaachishwa? Hapo mganga anaweza kuagiza arudishiwe ngano kwa muda, kisha apimwe. Kwa kawaida mtoto hula ngano kila siku, katika mlo zaidi ya mmoja, kwa majuma 6 au zaidi. Ndipo damu huchukuliwa.

Lakini umri ni jambo kubwa. Mwaka 2012 waganga wa watoto wa Ulaya walishauri kwamba jaribio hili lisifanywe kabla mtoto hajafika miaka 5. Walisema pia lisifanywe wakati kijana anabalehe na kurefuka haraka. Sababu yake ni kwamba katika miaka hiyo mwili unajenga mifupa, meno na ubongo. Utumbo ukiharibika wakati huo, mtoto anapoteza sana.

Basi, kama mtoto wako ni mdogo, na alipoachishwa ngano alipona kabisa, na kabla ya hapo alikuwa akikonda, usikimbilie kumrudishia. Mganga anaweza kusema, "Tungoje kwanza." Kungoja si kumwonea mtoto. Kuna vyakula vingi vya kumlisha wakati mnangoja.

Lakini kama aliachishwa kwa maneno ya watu tu, na hakuwa na dalili zozote za maana, mganga anaweza kusema arudishiwe mara moja. Anayeamua ni mganga, baada ya kumwona mtoto na kadi yake ya kliniki.

HADITHI YA KWELI KUTOKA NCHI ZA NJE

Huenda unajiuliza, watu walijuaje kwamba ngano ndiyo yenye kosa? Haikuwa rahisi.

Mwaka 1888 mganga wa London, Samuel Gee, aliandika juu ya watoto wenye ugonjwa huu. Alisema kama wanaweza kuponywa, wataponywa kwa chakula. Lakini hakujua ni chakula gani.

Mwaka 1924 mganga wa Marekani, Sidney Haas, alitoa taarifa ya watoto aliowalisha ndizi nyingi. Aliwakataza mkate. Watoto wakanenepa. Watu wakasema ndizi ni dawa. Mganga huyo akaamini kwamba mtoto akishapona anaweza kurudia kula mkate. Hapo ndipo palipokuwa na hatari. Ndizi hazikuwaponya. Kilichowaponya ni kuacha mkate. Waliorudia mkate walijirudisha katika ugonjwa, wengine polepole bila kujua.

Ukweli ulipatikana Uholanzi. Mganga wa watoto Willem Karel Dicke alikuwa akiishuku ngano tangu kabla ya Vita Kuu ya Pili. Kisha ikaja njaa kali ya majira ya baridi ya mwaka 1944 na 1945. Mkate ukaadimika. Watu wakala hata vitunguu vya maua. Watoto wengi waliteseka. Lakini watoto wenye ugonjwa huu walionekana kupata nafuu. Vita ilipokwisha mkate ukarudi, na ugonjwa wao ukarudi pia.

Dicke hakutosheka na kuona tu. Aliwapa watoto vyakula mbalimbali, akapima uzito wao na choo chao, akaandika. Mwaka 1950 alitoa kitabu cha uchunguzi wake katika Chuo Kikuu cha Utrecht. Akaonyesha kwamba ngano ndiyo inayowadhuru.

Tunajifunza nini hapa? Mtoto kuwa mzima kwa juma moja au mwezi mmoja baada ya kurudishiwa ngano si uthibitisho. Madhara huweza kuja baada ya miezi, hata miaka. Ndiyo maana tunapima na kuandika.

NAMNA YA KUMRUDISHIA NGANO

Tuseme umemwona mganga. Amesema, "Mrudishie." Sasa fuata hatua hizi.

Kwanza, hakikisha mtoto ni mzima. Hana homa, haharishi, hana kikohozi kikali. Kama ameugua malaria juzi, ngoja apone.

Pili, mpime uzito kabla ya kuanza. Andika. Bila uzito wa mwanzo hutajua kama amepungua.

Tatu, usianzishe chakula kingine kipya wakati huo. Ukimpa ngano leo, na maziwa ya ng'ombe kwa mara ya kwanza kesho, halafu aharishe, utajuaje kosa ni la nani?

Nne, anza asubuhi. Usianze usiku. Kama kuna tatizo, liwakute macho, na zahanati iwe wazi.

Tano, anza na kidogo. Mganga atakupa kiasi. Mara nyingi huanza na kipande kidogo cha mkate au chapati, kama ukubwa wa sanduku la kibiriti. Kisha unaongeza taratibu mpaka kufika kiasi alichoagiza.

Sita, mwache aendelee na chakula chake cha kawaida. Ngano haiji kufukuza maharage, mboga na parachichi. Inaongezwa juu yake. Mtoto mdogo anayenyonya aendelee kunyonya.

Saba, ukishaanza jaribio la kupima, usilikatize ovyo. Usimpe leo, ukaacha juma zima, ukampa tena. Jaribio la namna hiyo halisemi kitu. Mtoto atakuwa amesumbuka bure. Lakini ukiona dalili za hatari, simamisha na kumpeleka kwa mganga.

DAFTARI LA MTOTO

Ndugu msomaji, hapa ndipo kusoma na kuandika kunapokufaa. Nunua daftari dogo. Kila jioni andika mambo manne: tarehe, ngano aliyokula, choo chake, na hali yake. Andika kwa maneno machache, kwa mfano hivi:

"Jumatatu. Kipande kimoja cha mkate asubuhi. Choo mara moja, kigumu kidogo. Amecheza."

"Alhamisi. Vipande viwili, asubuhi na jioni. Choo mara tatu, laini. Tumbo limejaa. Amelala mapema."

Usiandike unavyopenda iwe. Andika ulivyoona. Siku ya kliniki mpe mganga daftari lako. Atasoma kwa dakika mbili mambo ambayo ungesahau nusu yake.

Na mpime uzito kila mwezi. Wazee wa mkoa huu wanakumbuka. Mwaka 1983 ulianza mpango wa lishe katika vijiji 168 vya mkoa wa Iringa. Wakati huo Njombe ilikuwa ndani ya Iringa. Mpango ulisaidiwa na Shirika la Afya Duniani na Shirika la Umoja wa Mataifa la Watoto. Siku ya afya ya kijiji, watoto walipimwa uzito mbele ya wazazi. Kisha wanakijiji walikaa na kuulizana: Kwa nini huyu amepungua? Tufanye nini? Baadaye walipima tena.

Njia ile haijazeeka. Pima. Fikiri. Tenda. Halafu pima tena. Inafaa kwa kijiji kizima, na inafaa kwa mtoto mmoja anayerudishiwa ngano.

Tazama mstari katika kadi ya kliniki. Ukipanda, ni vizuri. Ukilala, usingoje mwezi wa tatu. Ukishuka, nenda upesi.

DALILI ZA HATARI

Acha ngano na mpeleke mtoto kwa mganga bila kuchelewa ukiona haya:

- Anashindwa kupumua, au midomo na ulimi vinavimba.
- Anatapika mara nyingi, analegea na kupauka.
- Anaharisha sana, macho yanaingia ndani, hakojoi.
- Choo kina damu.
- Tumbo linavimba, na uzito unapungua.

Kama anaharisha, anza kumpa maji ya chumvichumvi na sukari ya pakiti hapo hapo nyumbani, huku mkijiandaa kwenda. Pakiti moja huchanganywa na lita 1 ya maji safi na salama. Zahanati itampa pia vidonge vya zinki. Usimnyime chakula wala titi kwa sababu anaharisha.

Wakazi wa Kidugala wanaweza kuanzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Katika wilaya yetu ya Wanging'ombe kuna hospitali ya Ilembula. Kwa vipimo vikubwa mganga atawaandikia barua kwenda hospitali ya rufaa. Usiende rufaa bila barua na bila daftari lako.

MTOTO ASIYERUHUSIWA NGANO ALE NINI?

Mtoto huyu hana haja ya vyakula vya dukani vya bei kubwa. Vyakula vyake viko shambani kwetu.

Asubuhi mpe uji wa ulezi au wa mahindi, uliotiwa karanga zilizosagwa au maziwa. Mchana ugali, maharage na mboga za majani zilizotiwa mafuta kidogo. Jioni viazi vilivyopondwa na njegere, au wali. Parachichi lina mafuta mazuri, na kwetu linapatikana. Yai moja likipatikana, mpe. Hakuna mwiko wa kweli unaomkataza mtoto yai, isipokuwa kama lenyewe linamdhuru.

Lakini jihadhari na ngano iliyojificha:

- Mashineni. Mashine iliyosaga ngano hubaki na unga wake ndani. Mwombe mwenye mashine asage kwanza mahindi ya wengine, au debe la pumba, ndipo asage yako.
- Unga wa lishe wa dukani. Soma maandishi ya mfuko. Ukiona neno "ngano", usinunue.
- Mafuta yaliyokaangia maandazi. Usikaangie chakula cha mtoto huyu.
- Vitumbua. Wengine huchanganya unga wa mchele na wa ngano. Uliza.
- Kijiko na chungu. Osha kabla ya kupika chakula chake.

BIBI NA MJUKUU

Liko jambo moja zaidi. Mtoto halelewi na mama peke yake. Kuna baba, bibi, shangazi na majirani. Tuseme bibi anamwona mjukuu wake amekaa pembeni siku ya harusi. Wenzake wanakula chapati. Bibi anamwonea huruma. Anamkatia kipande kidogo kwa siri.

Mama asimkasirikie bibi. Amkalishe chini kwa heshima. Aseme, "Shikamoo mama. Naomba nikueleze jambo la mjukuu wako. Tumbo lake likipata ngano linachubuka ndani. Hatulioni kwa macho, lakini linachubuka. Nakuomba unisaidie kumlinda."

Bibi akielewa, atakuwa mlinzi mkubwa kuliko wote. Ndiye anayekaa na mtoto wakati mama yuko shambani. Siku ya sherehe yeye ndiye atakayesema, "Mjukuu wangu apikiwe viazi vyake." Na viazi vile vitiwe katika sahani nzuri kama za wenzake, ili asijione ametengwa.

Baba naye awepo. Kwenda kliniki si kazi ya mama peke yake. Nauli ya kwenda hospitali, pesa ya mayai, na uamuzi wa kungoja au kuanza jaribio, vyote ni vya nyumba nzima.

SHIKENI HAYA

1. Usimkataze mtoto ngano kabla hajapimwa.
2. Aliyepimwa akaonekana ana seliaki asirudishiwe ngano kamwe, hata akiwa amenona.
3. Mwenye mzio ajaribiwe hospitalini tu.
4. Ambaye hakupimwa arudishiwe kwa amri ya mganga, kidogo kidogo, huku mkipima na kuandika.
5. Nafuu ya siku chache si uthibitisho. Endeleeni kumpima kila mwezi.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kijiji chenu ni vyakula gani ambavyo watoto hukatazwa? Ni nani aliyekataza? Kwa sababu gani?
2. Kwa nini mtoto apimwe kabla ya kuachishwa ngano?
3. Taja vyakula vitano vya shambani kwenu visivyo na gluteni.
4. Mashine ya kusaga ya kijiji chenu husaga ngano pia? Mtapatanaje na mwenye mashine?
5. Mtoto wako alipimwa uzito lini kwa mara ya mwisho? Mstari wake ulipanda, ulilala au ulishuka?

MANENO MAPYA

Gluteni: kitu kilichomo katika ngano kinachofanya donge livutike.
Seliaki: ugonjwa wa utumbo unaoletwa na gluteni kwa baadhi ya watu.
Mzio: mwili kukataa chakula fulani kwa ghafla.
Kudumaa: kuwa mfupi kuliko umri kwa kukosa lishe au kwa kuugua mara kwa mara.
Hospitali ya rufaa: hospitali kubwa ambako wagonjwa hupelekwa kwa barua.

Ndugu msomaji, mwezi ujao tutazungumza juu ya uji wa mtoto: uwe mzito kiasi gani, na apewe mara ngapi kwa siku. Litunze gazeti hili. Ukishalisoma, mpe jirani mwenye mtoto mdogo.